Ulinganishi wa Mbinu za Kupiga Picha za Retina kwa Wagonjwa wa Kisukari: Hoja ya Umbali katika Ulyankulu, Mkoa wa Tabora

IKISIRI

Kisukari huweza kuharibu retina kwa miaka mingi kabla mgonjwa hajahisi dalili yoyote. Kwa sababu hiyo, upofu utokanao na ugonjwa huo huzuilika pale tu ambapo jicho linachunguzwa mapema na matibabu yanapatikana kwa wakati. Makala haya yanalinganisha mbinu kuu za kuichunguza retina ya mgonjwa wa kisukari, yaani oftalmoskopu, kamera ya mezani, kamera ya mkononi, kamera ya uwanja mpana na tomografia ya optiki, kwa kuzingatia mazingira ya Ulyankulu katika Wilaya ya Kaliua. Ulinganishi unatumia matokeo ya tafiti zilizochapishwa kuhusu Tanzania, Rwanda, Zambia, India, Thailand na Uingereza. Hoja kuu ni kwamba, kwa makazi yaliyo mbali na daktari bingwa wa macho, ubora wa mbinu haupaswi kupimwa kwa uwezo wa chombo kuona peke yake. Unapaswa kupimwa pia kwa idadi ya picha zisizosomeka na kwa idadi ya wagonjwa wanaofika kutibiwa baada ya picha kusomwa. Kwa kigezo hicho, picha mbili za kila jicho zilizopigwa baada ya mboni kupanuliwa kwa dawa, na kusomwa siku hiyohiyo, zina nafasi kubwa zaidi ya kuokoa macho kuliko chombo cha gharama kubwa kilichopo mbali.

1.0 UTANGULIZI

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulionesha kuwa takribani asilimia 9 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Katika Mkoa wa Kilimanjaro, ambako upigaji picha za retina katika kliniki za kisukari umefanyika kwa mpangilio kwa zaidi ya muongo mmoja, Cleland na wenzake (2016) walibaini kwamba zaidi ya robo ya wagonjwa waliochunguzwa walikuwa na kiwango fulani cha uharibifu wa retina. Matokeo hayo yanaonesha kwamba ugonjwa huu si wa nchi tajiri pekee, na kwamba unaweza kutafutwa kwa utaratibu hata nje ya hospitali kubwa.

Matibabu yenye ushahidi yapo. Mwaka 1976 utafiti mkubwa uliofanyika Marekani ulithibitisha kwamba kuchoma retina kwa mwanga wa leza hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupoteza uwezo wa kuona kwa wagonjwa waliofikia hatua ya juu ya ugonjwa. Baadaye ziliongezeka sindano za dawa ndani ya jicho, ambazo huzuia mishipa isivuje na isiote upya. Hata hivyo, leza hulinda uwezo wa kuona uliobaki. Kwa kawaida hairudishi uliokwisha kupotea. Msemo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta unaeleza hali hii kwa usahihi, isipokuwa kwamba katika jicho ukuta ukishaanguka mara nyingi haujengeki tena.

Swali linalojadiliwa katika makala haya ni hili: iwapo huduma ya uchunguzi wa retina ingeanzishwa kwa ajili ya wakazi wa Ulyankulu, ni mbinu ipi ya kupiga picha ingefaa, na kwa vigezo gani?

2.0 MAZINGIRA YA ULYANKULU

Ulyankulu imo katika Wilaya ya Kaliua, kaskazini-magharibi ya mji wa Tabora. Katika karne ya 19 eneo hilo lilikuwa sehemu ya dola ya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, na halikuwa mbali na njia ya misafara iliyounganisha Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ilipita kusini ya Ulyankulu. Mwaka 1972 palianzishwa makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, kisha yakafuata makazi ya Katumba na Mishamo. Baadaye wakazi wengi wa makazi hayo matatu, zaidi ya watu 160,000, walipewa uraia wa Tanzania. Hadi sasa sehemu za Ulyankulu hutajwa kwa namba za barabara zilizochorwa wakati huo, kama vile Barabara ya 13.

Historia hiyo ina uhusiano na mada kwa namna mbili. Kwanza ni umri. Kijana aliyefika Ulyankulu mwaka 1972 akiwa na miaka 15 alitimiza miaka 65 mwaka 2022. Kizazi cha waanzilishi wa makazi kimefikia umri ambao aina ya pili ya kisukari huonekana zaidi, na ambao pia mboni huwa ndogo na mtoto wa jicho huanza kutanda. Kama itakavyoonekana, mambo hayo mawili ya mwisho huathiri moja kwa moja ubora wa picha ya retina.

Pili ni umbali. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, ipo mjini Tabora, na huduma za kibingwa zaidi hutafutwa katika hospitali za kanda kama Bugando iliyopo Mwanza. Kwa mkulima wa tumbaku au mahindi, safari ya kwenda Tabora ina gharama ya nauli, chakula na malazi, na mara nyingi inamhitaji mtu wa kumsindikiza. Ikiwa safari hiyo inaangukia msimu wa kupanda au wa kukausha tumbaku, gharama yake huongezeka kwa siku za kazi zilizopotea. Hivyo basi, kila rufaa inayoandikwa Ulyankulu ni ombi la safari, na mbinu ya uchunguzi inayozalisha rufaa zisizo za lazima humtoza mgonjwa gharama hizo bila faida.

3.0 KINACHOPASWA KUONEKANA

Sukari inapokuwa juu kwa muda mrefu, kuta za mishipa midogo ya damu ya retina hudhoofika. Dalili ya kwanza inayoonekana ni vivimbe vidogo mno kwenye mishipa hiyo, vinavyofanana na nukta nyekundu. Baadaye damu huvuja, mafuta kutoka katika damu hujikusanya kama madoa ya manjano, na baadhi ya mishipa huziba. Sehemu ya retina inayokosa damu hutoa kemikali zinazochochea mishipa mipya kuota. Mishipa hiyo mipya ni dhaifu. Ikipasuka hujaza damu ndani ya jicho, na makovu yake yanaweza kuivuta retina hadi ikabanduka.

Mizani ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2003 inagawa mabadiliko hayo katika hatua tano: jicho lisilo na ugonjwa, ugonjwa mdogo, wa kati, mkali, na hatua ya kuota kwa mishipa mipya. Sambamba na hatua hizo, uvimbe wa makula hutathminiwa peke yake, kwa kuwa unaweza kutokea katika hatua yoyote ya ugonjwa. Makula ni sehemu ya katikati ya retina inayotumika kusoma, kutambua sura za watu na kupitisha uzi katika sindano. Katika programu nyingi, mgonjwa hupewa rufaa anapofikia hatua ya kati au zaidi, au anapokuwa na dalili za uvimbe wa makula.

Kutokana na maelezo hayo, mbinu ya uchunguzi inatakiwa kutimiza mambo matatu: kuonesha nukta ndogo, kuonesha eneo la kutosha la retina, na kutoa fununu kuhusu unene wa makula. Hakuna mbinu moja inayotimiza yote matatu kwa kiwango cha juu.

4.0 MBINU ZINAZOLINGANISHWA

4.1 Oftalmoskopu

Oftalmoskopu ilibuniwa na Hermann von Helmholtz mwaka 1851. Ile ya mkononi ni nafuu, hutumia betri, na tabibu yeyote huweza kuibeba. Kasoro yake ni kwamba huonesha sehemu ndogo sana ya retina kwa wakati mmoja, na matokeo hutegemea ustadi wa anayeishika. Katika utafiti uliofanyika Liverpool, Harding na wenzake (1995) walipata unyeti wa asilimia 65 kwa oftalmoskopu na asilimia 89 kwa picha. Unyeti ni uwezo wa kipimo kuwatambua watu wenye ugonjwa. Maana ya takwimu hizo ni kwamba, kati ya kila wagonjwa 100 wenye ugonjwa unaotishia kuona, oftalmoskopu ingewakosa 35 na picha ingewakosa 11. Aidha, oftalmoskopu haiachi kumbukumbu. Daktari aliye mbali hawezi kuhakiki kilichoonekana.

4.2 Kamera ya mezani

Kamera ya retina hupiga picha ya eneo la nyuzi 30 hadi 45 kwa wakati mmoja. Kipimo rejea cha kitafiti, kilichotokana na utafiti wa Marekani wa miaka ya 1980, kinahitaji picha saba za nyuzi 30 kwa kila jicho, zilizopigwa kwa jozi ili kuonesha kina. Utaratibu huo ni sahihi, lakini huchukua muda mrefu, humchosha mgonjwa na huhitaji mpiga picha mzoefu. Kwa uchunguzi wa watu wengi, Uingereza ilichagua picha mbili za nyuzi 45 kwa kila jicho, moja ikilenga makula na nyingine ikilenga mahali neva ya jicho inapoanzia, baada ya mboni kupanuliwa kwa matone ya dawa. Utaratibu huo ulianza kuenezwa nchini humo mwaka 2003. Katika takwimu za mwaka 2009 na 2010 za Uingereza na Wales, kwa mara ya kwanza katika kipindi cha angalau miaka 50, ugonjwa wa retina utokanao na kisukari haukuwa tena sababu inayoongoza ya upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi.

Zipo kamera zinazoweza kupiga picha bila kupanua mboni. Faida yake ni dhahiri: mgonjwa haumwi na matone, hasubiri, na haondoki akiwa na ukungu machoni. Kasoro yake inajadiliwa katika sehemu ya 5.1.

4.3 Kamera ya mkononi na simujanja

Kifaa kinachounganishwa na simujanja, au kamera ndogo ya mkononi, hupunguza gharama na uzito. Kazi iliyofanyika Nakuru, Kenya, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2016, ilionesha kwamba watu wasio madaktari wanaweza kufundishwa kupiga picha za neva ya jicho kwa kutumia simu zenye ubora unaokubalika. Nchini India, Rajalakshmi na wenzake (2018) walitumia kamera ya simu kwa wagonjwa waliopanuliwa mboni, na picha zikasomwa na programu ya akili mnemba. Unyeti ulikuwa asilimia 95.8 kwa ugonjwa wa kiwango chochote, na umahususi, yaani uwezo wa kuwatambua wasio na ugonjwa, ulikuwa asilimia 80.2. Umahususi huo unamaanisha kwamba mtu mmoja kati ya watano wasio na ugonjwa alipewa jibu la tahadhari lisilo sahihi.

4.4 Kamera ya uwanja mpana

Kamera hii hunasa hadi nyuzi 200, sawa na takribani asilimia 80 ya retina, kwa picha moja, na aghalabu haihitaji kupanua mboni. Huonesha mishipa iliyoziba pembezoni ambayo kamera ya kawaida haiifikii. Hata hivyo, bei yake ni kubwa, mwili wake ni mzito, na matengenezo yake huhitaji fundi wa kampuni. Kope za mgonjwa nazo huweza kuziba sehemu ya juu na ya chini ya picha.

4.5 Tomografia ya optiki na anjiografia

Tomografia ya optiki, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, hutumia mwanga kutoa sura ya tabaka za retina kana kwamba imekatwa kwa wembe, na hupima unene wake kwa mikromita. Ndiyo mbinu bora ya kugundua na kufuatilia uvimbe wa makula. Picha ya kawaida huonesha madoa ya manjano karibu na makula, lakini madoa hayo ni ishara tu; yanaweza kuwapo bila uvimbe, na uvimbe unaweza kuwapo bila hayo. Kwa upande mwingine, tomografia ya makula haioneshi mishipa mipya iliyoota mbali na makula. Anjiografia ya floresini, iliyoanza mwaka 1961, huonesha mahali mishipa inapovuja, lakini huhitaji rangi kudungwa katika mshipa wa mkono na uangalizi dhidi ya mzio. Mbinu hizi mbili ni za kupanga matibabu zaidi kuliko za kuchuja watu wengi.

5.0 ULINGANISHI KWA KUZINGATIA UMBALI

5.1 Picha isiyosomeka

Tafiti nyingi hutaja unyeti kwanza. Hata hivyo, takwimu yenye uzito mkubwa kwa Ulyankulu ni idadi ya picha zisizosomeka. Scanlon na wenzake (2003), waliochunguza wagonjwa zaidi ya 3,000 huko Gloucestershire, Uingereza, walipata kwamba picha zilizopigwa bila kupanua mboni zilishindwa kusomeka kwa asilimia 19.7 ya wagonjwa, ilhali zilizopigwa baada ya kupanua mboni zilishindwa kwa asilimia 3.7. Unyeti wa njia hizo mbili ulikaribiana: asilimia 86.0 na 87.8. Umahususi ulitofautiana zaidi: asilimia 76.7 na 86.1.

Takwimu hizo zikihamishiwa kwa wagonjwa 1,000 kama mfano wa hesabu, wagonjwa 197 wangebaki bila jibu iwapo mboni hazikupanuliwa, na 37 iwapo zilipanuliwa. Katika programu nyingi, mgonjwa ambaye picha yake haisomeki hupewa rufaa ili aangaliwe na daktari. Tofauti ya watu 160 ni tofauti ya safari 160 za kwenda Tabora. Ikizingatiwa kwamba picha hushindikana zaidi kwa wazee, kwa sababu ya mboni ndogo na mtoto wa jicho, kizazi kilichofika mwaka 1972 ndicho kingebeba mzigo huo.

Kupanua mboni kuna gharama yake. Matone ya tropikamidi huwasha kwa muda mfupi, na macho hubaki na ukungu na kuumizwa na jua kwa saa kadhaa. Mgonjwa aliyefika kliniki kwa baiskeli au pikipiki hapaswi kujiendesha mwenyewe kurudi nyumbani. Kwa hiyo taarifa inapaswa kutolewa katika kliniki ya mwezi uliotangulia, ili mgonjwa aje na msindikizaji na kofia. Usumbufu huo ni wa nusu siku. Rufaa isiyo ya lazima ni ya siku mbili au zaidi.

Jambo jingine ni kwamba picha isiyosomeka si lazima iwe ya bure. Ikiwa kilichoizuia ni mtoto wa jicho, basi mgonjwa ana tatizo linalotibika kwa upasuaji, na rufaa yake inapaswa kuandikwa kwa sababu hiyo badala ya kuandikwa tu kwamba picha imeshindikana.

5.2 Nani asome picha, na lini

Picha ya kidijitali inaweza kutumwa Tabora, Mwanza au Moshi na kusomwa na mtaalamu. Kwa namna hiyo picha husafiri badala ya mgonjwa. Tatizo ni muda. Jibu likichelewa kwa wiki kadhaa, mgonjwa ameshaondoka, simu yake huenda haipatikani, na kwa kuwa haoni tofauti yoyote machoni mwake, ujumbe wa kumtaka asafiri hukosa nguvu.

Programu za akili mnemba hutoa jibu kwa dakika chache. Nchini Zambia, Bellemo na wenzake (2019) walijaribu programu iliyofundishwa kwa picha kutoka Singapore kwa wagonjwa zaidi ya 1,500, na ikapata unyeti wa asilimia 92.25 na umahususi wa asilimia 89.04 kwa ugonjwa unaostahili rufaa. Nchini Rwanda, Mathenge na wenzake (2022) waliuliza swali tofauti: je, jibu la papohapo hubadilisha mwenendo wa mgonjwa? Kati ya waliopewa rufaa papohapo kwa msaada wa akili mnemba, asilimia 51.5 walikwenda kutibiwa. Kati ya waliosubiri jibu la msomaji wa kibinadamu, walikwenda asilimia 39.6. Mkoani Kilimanjaro, jaribio la nasibu lenye lengo linalofanana limebuniwa, na mpango wake ulichapishwa mwaka 2024. Kipimo chake kikuu ni idadi ya wagonjwa wanaofika katika kliniki ya macho baada ya kupewa rufaa.

Takwimu hizo zinaruhusu hesabu moja ya kielelezo. Ichukuliwe kuwa kuna watu 100 wenye ugonjwa unaohitaji matibabu. Kamera yenye unyeti wa asilimia 87.8, pamoja na jibu linalochelewa na mahudhurio ya asilimia 39.6, ingefikisha kwa daktari watu 35. Kamera kamilifu isiyomkosa mgonjwa hata mmoja, pamoja na mahudhurio yaleyale, ingefikisha watu 40. Kamera ya kwanza, bila kuboreshwa, lakini pamoja na jibu la siku hiyohiyo na mahudhurio ya asilimia 51.5, ingefikisha watu 45. Takwimu hizi zimetoka katika nchi tofauti, na hesabu hii si utabiri wa kitakachotokea Ulyankulu. Inachoonesha ni mwelekeo: kubadili muda wa jibu kunaweza kuokoa macho mengi zaidi kuliko kununua chombo kisichokosea. Vilevile inaonesha kwamba, hata katika hali iliyo bora zaidi, zaidi ya nusu ya wanaohitaji matibabu hawayafikii.

5.3 Mipaka ya akili mnemba

Matokeo ya majaribio hayahamii kliniki bila mabadiliko. Nchini Thailand, programu iliyofanya vizuri katika maabara ilikataa takribani moja ya tano ya picha ilipopelekwa katika kliniki za kawaida, hasa kwa sababu vyumba havikuwa na giza la kutosha, na intaneti ya polepole ilichelewesha kazi (Beede na wenzake, 2020). Kwa mazingira ya Kaliua, funzo ni mahususi: programu inapaswa kufanya kazi ndani ya kifaa bila kutegemea mtandao, chumba kiwe na pazia zito, na kifaa kiwe na betri ya kumaliza siku nzima ya kliniki. Aidha, programu iliyofundishwa kutafuta ugonjwa wa kisukari huweza kulipita jicho lenye shinikizo la macho au ugonjwa mwingine bila kusema neno. Kwa hiyo sehemu ya picha zilizopewa jibu la salama zinapaswa kusomwa tena na mtaalamu kila mwezi.

6.0 MAPENDEKEZO KWA ULYANKULU

Kutokana na ulinganishi huu, utaratibu unaofaa una ngazi tatu. Katika ngazi ya kwanza, picha mbili za nyuzi 45 kwa kila jicho zipigwe siku ya kliniki ya kisukari, baada ya kupima uwezo wa kuona na kupanua mboni. Kamera inayohamishika, kama ilivyofanyika Kilimanjaro, inaweza kuzunguka katika vituo kadhaa vya wilaya badala ya kukaa mahali pamoja bila kazi. Muuguzi au tabibu aliyefundishwa anaweza kuiendesha.

Katika ngazi ya pili, jibu litolewe kabla mgonjwa hajaondoka, kwa programu au kwa msomaji aliyepo, na mgonjwa aoneshwe picha yake mwenyewe. Nukta nyekundu inayoonekana kwenye skrini humpa mtu asiyehisi maumivu sababu ya kusafiri ambayo karatasi ya rufaa haimpi. Maelezo yatolewe kwa Kiswahili rahisi, na pale inapohitajika kwa Kirundi au Kinyamwezi.

Katika ngazi ya tatu, tomografia ya optiki na leza zibaki katika hospitali ya rufaa, na wagonjwa wapangiwe siku moja ili wasafiri kwa pamoja na kutibiwa siku hiyohiyo. Oftalmoskopu isitupwe, itumike kwa mgonjwa wa dharura na siku ambayo kamera imeharibika, kwa kuelewa kwamba jibu lake la salama si la kuaminika kikamilifu.

Kanuni za uchunguzi wa watu wengi zilizoandikwa na Wilson na Jungner mwaka 1968 kwa niaba ya Shirika la Afya Duniani zinataka matibabu yawepo kabla ya uchunguzi kuanza. Kanuni hiyo ina uzito wa kimaadili hapa. Kumwambia mtu kwamba atapofuka, huku hakuna mahali pa kumpeleka, ni kumwongezea hofu bila msaada. Kwa hiyo makubaliano na hospitali yenye leza yatangulie ununuzi wa kamera.

7.0 HITIMISHO

Makala haya yamelinganisha mbinu za kuichunguza retina kwa vigezo vya unyeti, umahususi, picha zisizosomeka na mahudhurio ya rufaa. Imebainika kwamba tomografia ya optiki huona makula kuliko zote, kamera ya uwanja mpana huona eneo kubwa kuliko zote, na oftalmoskopu ni nafuu kuliko zote. Hata hivyo, kwa makazi yaliyo mbali na daktari bingwa, kamera ya kawaida inayotumika baada ya kupanua mboni, na jibu lake kutolewa siku hiyohiyo, ndiyo inayopoteza wagonjwa wachache zaidi njiani. Tafiti zijazo katika Mkoa wa Tabora zinapaswa kuripoti si tu idadi ya waliopigwa picha na waliogunduliwa, bali pia idadi ya waliofika kwenye leza. Mgonjwa aliyepigwa picha nzuri, akapewa jibu sahihi, kisha akabaki nyumbani kwa kukosa nauli, huhesabiwa katika ripoti nyingi kuwa amehudumiwa, lakini jicho lake halijatibiwa.